Karata Juu ya Meza ya Sala

Mtu yule alishuka kutoka meli ya Waholanzi akiwa na buti moja. Mguu wa pili ulikuwa mtupu, umevimba, na aliutua juu ya maganda ya chaza ya ufuo wetu wa Joal kama jogoo anayekanyaga majivu ya moto. Nilikuwa nimekwenda kununua nta. Nikaiacha nta, nikamfuata yeye.

"Bwana," nikamwambia kwa Kireno, "buti la pili liko wapi?"

Akanitazama kuanzia miguu hadi kofia. Kijana mweusi wa pwani, tena mwenye kofia nyeusi ya Amsterdam. Naona alishindwa kujua aniweke kundi gani.

"Liko Cacheu," akasema. "Kuna mtu amelishika."

"Nani?"

"Askari. Alidhani ameshika na mguu."

Nilicheka mpaka wanawake waliokuwa wakianika samaki wakageuka. Yeye hakucheka. Alisogea karibu, akatazama nyuma yake, ambako hapakuwa na mtu ila mbuzi mmoja, akaninong'oneza, "Ni kweli kwamba hapa wapo?"

"Wapo nani?"

"Wale. Watu wa taifa lile."

"Wayahudi?" nikasema, kwa sauti yangu ya kawaida, ambayo mama yangu husema niliumbiwa kwa kazi ya kuita mitumbwi.

Akanifumba mdomo kwa kiganja chake. Kilinuka lami ya meli. Nikakitoa taratibu.

"Bwana, hapa neno hilo halichomi mtu. Mimi mwenyewe ni Myahudi. Naitwa Davi, mwana wa marehemu Simão Frois, na mama yangu ni Tening, Mserere wa hapa hapa. Wewe je?"

"Baltasar," akasema, na siku ile hakusema zaidi.

Mtu anayeogopa jina lake mwenyewe! Nilimpeleka nyumbani kwetu, mama akamkanda mguu kwa mafuta ya mawese, na mimi nikakaa mlangoni kumtazama. Alikula bila kuinua macho. Kila mtu alipopita nje, kijiko kilisimama hewani. Na mkono wake wa kushoto haukutoka kifuani. Ndani ya shati alikuwa ameficha kitu kidogo, chenye pembe, nami nilitamani kukijua kitu hicho kuliko nilivyotamani chakula.

Lazima niseme jinsi mambo yalivyokuwa. Huko Ureno babu zetu walisukumwa kwenye maji ya ubatizo kwa nguvu, kwa amri ya mfalme wao. Tangu hapo, aliyebatizwa akikutwa anafunga funga yetu au anaitunza Sabato yetu huhesabiwa msaliti wa Kanisa. Hufungwa, huteswa ili ataje wenzake, na wengine huishia kuchomwa kwenye kuni. Lakini Myahudi aliyezaliwa nchi nyingine, ambaye hakuwahi kubatizwa, mahakama ya Kanisa haina la kumshtaki. Ndiyo maana watu wazima wa jumuiya yetu ya Joal, ukiwauliza walizaliwa wapi, walijibu Amsterdam au Antwerp. Baba yangu alisema Antwerp. Dada yake, shangazi yangu Gracia, alisema Antwerp. Nilikua nikiamini kwamba Antwerp ndio mji mkubwa kuliko yote duniani, maana watu wote walitoka huko na hakuna aliyeukumbuka hata mtaa mmoja.

"Shangazi, Antwerp kuna mto?" niliwahi kumuuliza.

"Upo."

"Unaitwaje?"

"Unaitwa kula kuskusi yako, Davi, inapoa."

Hivyo ndivyo alivyonijibu miaka yote. Siwezi kuvumilia mlango uliofungwa. Mlango ukifungwa mbele yangu, mimi naugonga, na nikichoka kuugonga naupiga teke.

Baltasar alikuwa amekaa kwetu karibu juma moja wakati Kapteni Fagundes alipotia nanga akitoka Cacheu, bandari ya Wareno kusini mwetu. Kapteni huyo alikuwa mfupi, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na alikwenda moja kwa moja kwa Liwali Wagane, mwakilishi wa mfalme wetu bandarini. Akadai mtu wake. Alisema ni Mkristo aliyebatizwa Lisbon, mfungwa aliyekuwa anarudishwa kwa mahakimu wa Kanisa, naye alitoroka kwa kumwachia askari buti mkononi.

Liwali akatuita sote uani kwake. Alikuwa mnene, mpole, mwenye masikio makubwa, na kwa upande wa mama yangu alikuwa mtani wangu.

"Nisikilizeni," akasema. "Mfalme ana neno moja tu juu ya wageni. Wayahudi wa bandari hii ni wageni wake, na mgeni wake haguswi. Mkristo aliyewatoroka Wakristo wenzake ni shauri la Wakristo. Sasa huyu wa buti moja ni nani? Mimi sijui. Mzee Mosé, ni wako au si wako? Ukisema ni wako, anabaki. Ukisema si wako, anapanda meli. Kapteni hataki kulala hapa zaidi ya kesho, mbu wetu hawampendi."

"Wananipenda mno," akasema Fagundes.

"Basi kesho, kabla jua halijatua, nataka jibu."

Mzee Mosé Lobato alishika ndevu zake. Yeye ndiye aliyetuletea gombo la Torati kutoka Amsterdam, na chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa sinagogi yetu. "Liwali, kesho ni Siku ya Upatanisho," akasema. "Ndiyo siku yetu kubwa kuliko zote."

"Vizuri. Siku kubwa, jibu kubwa."

Alasiri ile, nyumbani kwetu, kabla ya mlo wa kuingia funga, Mzee Mosé alimkalisha Baltasar kwenye kiti, mimi nikiwa ukutani na Shangazi Gracia akipanga sahani. Wengine walijazana mlangoni. Hofu yao niliielewa. Miaka kadhaa nyuma, bandari ya jirani, alikuja mtu wa kulialia, akasali na wenzetu wa huko, akaimba nao, kisha akapeleka majina yao Lisbon. Mmoja wao alipoteza ndugu wawili kwa sababu ya machozi yale.

"Tuanze," akasema Mzee Mosé. "Soma hapa."

Baltasar akakitazama kitabu. "Sijui herufi hizi, mzee."

"Hata moja?"

"Hata moja. Kwetu, nyumba ikikutwa na herufi hizo, nyumba nzima inakamatwa."

"Umetahiriwa?"

"Ureno, mzee? Hiyo ni sawa na kwenda sokoni umebeba kuni zako mwenyewe za kukuchomea."

Watu wakacheka mlangoni. Mzee Mosé hakucheka.

"Unasali kwa nani?"

"Kwa Mungu mmoja, asiye na mwana, asiye na sanamu." Alisema haraka, kwa sauti ndogo, kama mtu anayepitisha kitu chini ya meza. "Na kwa Mtakatifu Esta."

"Kwa nani?"

"Mtakatifu Esta. Aliyejificha katika nyumba ya mfalme."

"Sisi hatuna watakatifu!" Mzee Mosé aliruka juu kama aliyekalia siafu. "Esta ni malkia, si mtakatifu! Utasikia sasa anaye na Mtakatifu Musa!"

"Kwani si mtakatifu?" akauliza Baltasar, kwa mshangao wa kweli kabisa.

Hapo nikasikia sauti ndogo. Shangazi Gracia alikuwa ameinamia sahani, mabega yanamtikisika. Nilidhani analia. Nikasogea. Alikuwa anacheka, shavu limelowa, ameuma kitambaa.

"Shangazi, kuna nini?"

"Pilipili."

"Hakuna pilipili kwenye samaki huyu."

"Davi, toa mlango wa kuku nje ufunge." Aliona maneno yamemponyoka vibaya, akasahihisha, "Toka nje, ufunge mlango wa kuku."

Watu walipoondoka, nilimshika Mzee Mosé kwenye kizingiti. Damu ilikuwa imenipanda. "Utasemaje kesho?"

"Kweli. Kwamba sijui."

"Kutojua ni kumpandisha meli!"

"Kesho kinywa hiki kitamwomba Mungu msamaha tangu asubuhi. Unataka jioni kimdanganye?" Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniudhi zaidi. "Usidhani sina moyo, kijana wangu. Wewe tulikuchovya baharini na kukutahiri mbele ya watu wote, na mjomba wako wa Kiserere akapiga ngoma. Kila mtu anajua wewe ni nani. Huyu nimjue kwa lipi? Anachojua nakijua kuwa ni kosa. Asichojua ni kingine chote."

"Basi aje asali nasi. Umtazame."

"Aje. Hata kama ni jasusi, sala hazitamdhuru."

Siku yenyewe iliamka na joto lililolowa. Mvua zilikuwa zinakaribia mwisho, mtama umekomaa mashambani, na upepo haukupumua. Tulivaa meupe. Chumba kilijaa: wanaume mbele, wanawake nyuma ya pazia, gombo la Torati kwenye kasha lake, na katikati meza ndefu yenye vitabu. Nje watoto walipita wakinusa, maana hakuna jiko lililotoa moshi kwetu siku hiyo, na kwao jambo hilo lilikuwa ajabu ya mwaka.

Baltasar aliketi pembeni mwa meza. Hakufungua mdomo. Sisi tuliimba, tulijipiga kifua, tulisimama, tuliketi. Yeye alifumba macho, na kidole chake kimoja kilikuwa kikitembea juu ya ubao wa meza, polepole. Nilimtazama kuliko nilivyotazama kitabu, Mungu anisamehe.

Jua lilikuwa limeanza kushuka tulipofika mahali pa kunyamaza, watu wote wamesimama, kila mmoja na Muumba wake. Ndipo mlango ukagongwa. Ilikuwa fimbo ya Liwali, na ilisikika kama rungu.

Baltasar alikuwa wa kwanza kusogea. Sijawahi kuona mikono yenye kasi ile. Mmoja ulivuta kitambaa ukafunika vitabu. Mwingine uliingia ndani ya shati, ukatoka na pakiti ya karata, na kabla hatujavuta pumzi karata zilikuwa zinaruka juu ya meza: kwangu, kwa jirani yangu, kwa Mzee Mosé mwenyewe aliyekuwa amesimama mbele ya Torati. Kisha akapiga meza kwa kiganja na kupaza sauti, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Yangu hiyo! Nimekula! Toa pesa, mwizi we!"

Karata moja iliteleza ikaanguka sakafuni.

"Karata," akasema Mzee Mosé. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Leo. Mbele ya Torati."

"Anatudhihaki!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. "Mtoeni! Mpeni Fagundes mtu wake!"

Nami nilikuwa nimeshamkamata kola. Nasema kama ilivyokuwa: mimi niliyemtetea jana, ndimi niliyemkwida wa kwanza. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na haukuwa na dhihaka hata kidogo. Ulikuwa umejaa hofu, tena hofu kwa ajili yetu. "Shika karata zako," alininong'oneza. "Wanaingia. Shika karata zako, ndugu yangu, watakuona mikono mitupu."

Pazia likafunguka. Shangazi Gracia akatoka upande wa wanawake, akapita kati ya wanaume kama anapita jikoni kwake, akavuta kiti, akaketi. Aliokota karata zilizokuwa mbele yake, akazipanga kwa vidole vya mtu aliyezoea.

"Zamu ya nani?" akauliza.

Nikaiachia kola.

Mlango ukafunguliwa, Liwali Wagane akaingia akiinama, jasho likimtiririka. Alitazama mavazi meupe, kasha la Torati, karata. Akatazama tena karata.

"He! Niliambiwa leo hamli, hamnywi, hamwashi moto. Sikuambiwa mnacheza kamari." Akaniona mimi. "Na mtani wangu naye hali? Ukoo wa mama yako, unaokula mpaka sufuria, leo umefunga? Dunia inaelekea mwisho."

"Liwali," akasema Mzee Mosé, "sijui la kukueleza."

"Mimi ninalo," akasema Shangazi Gracia. Hakuinua macho kutoka kwenye karata. "Baltasar, mwanangu. Huu unaitwa mchezo gani?"

"Mchezo?" akasema Baltasar.

"Huu tunaoucheza."

Alitutazama mmoja mmoja, kama mwanafunzi anayetafuta jibu usoni mwa wenzake. "Ni karata za funga, mama. Za siku ya leo. Mama yangu alizitunza pamoja na shuka jeupe. Akifa mtu au akizaliwa mtu, hazitolewi. Zinatolewa leo tu. Unazishika, unasali moyoni, mlango ukigongwa unapiga meza na kusema maneno yale." Akasita. "Nyinyi za kwenu ziko wapi? Tangu asubuhi nazitafuta kwa macho. Nikasema labda mtazitoa jioni."

Liwali, ambaye alijifunza karata kwa mabaharia wa kila taifa na aliwavua wengi suruali zao, alivuta kiti akaketi kando yake.

"Hebu nikuulize. Mfalme na namba saba, nani anamla mwenzake?"

"Wanakulana?" akauliza Baltasar.

Liwali alianza kucheka tumboni, kicheko kikapanda taratibu mpaka masikioni. "Mzee Mosé! Mtu huyu hajawahi kucheza karata tangu azaliwe! Ana pakiti kifuani na hajui mfalme! Jasusi gani huyu? Jasusi angalau angekuwa amenila mara moja!"

Mzee Mosé hakucheka. Alikuwa anamtazama Shangazi Gracia. Akaja, akaketi mbele yake, wakawa wawili kama wachezaji kweli.

"Gracia. Wewe umejuaje?"

"Kwetu tulifanya hivyo hivyo," akasema polepole. "Kina mama tulishika pia mti wa kusokotea sufi, usio na sufi. Majirani wakichungulia dirishani, wanaona nyumba ya wavivu na wacheza kamari. Nani atasema hao wanafunga? Na Mtakatifu Esta, Mzee Mosé, nilimwomba mpaka nilipokuwa mama mzima. Ndiye tuliyekuwa naye. Yeye alijificha, sisi tulijificha."

"Kwenu," akarudia Mzee Mosé. "Antwerp."

Shangazi aliziweka karata zake mezani. Nami, mwenye maswali ya miaka yote, nilihisi mlango ule umefunguka kidogo, na sikuthubutu kuugusa.

Mzee Mosé akainama, akaiokota ile karata iliyoanguka sakafuni, akaipangusa vumbi kwa ukingo wa shuka lake la sala na kuiweka mezani mbele ya Baltasar. "Tumekuja mpaka huku tupate kusali bila kuangalia nyuma," akasema, "halafu anakuja mtu aliyeangalia nyuma maisha yake yote na hakuacha kusali, na mimi namuuliza herufi." Akasimama. "Liwali, huyu ni wetu."

"Nimekusikia. Lakini Fagundes lazima asikie. Sitaki aende Cacheu akaseme nimehongwa nta."

Tulitoka sote. Njiani Mzee Mosé alitembea karibu na shangazi, nami nyuma yao, masikio yangu yakiwa makubwa kuliko ya Liwali.

"Nitasema mimi," alimwambia. "Wewe ukae kimya. Una nafasi kwenye meli ya kiangazi. Ukifungua kinywa mbele ya yule, hutakanyaga tena Ureno. Watakungoja gatini."

"Najua."

"Ulitaka uzikwe karibu na mama yako. Ulisema hutaki jambo jingine."

"Najua, Mosé. Nimesema najua."

Nilisimama katikati ya njia. Ureno! Shangazi yangu alikuwa anarudi Ureno, kwa siri, kama mjane Mkristo, akafie huko. Watu walinipita, nikalazimika kukimbia kuwafikia.

Fagundes alikuwa amekaa juu ya pipa, mabaharia wake wawili wakiwa na pingu tayari. Mzee Mosé alisema aliyokuja kusema: kwamba mtu huyu ni wa taifa letu, na ishara yake ni desturi ya karata.

"Apa," akasema Fagundes.

"Leo siapi. Leo ni siku ambayo tunaomba kufutiwa viapo."

"Rahisi sana." Kapteni alitabasamu. "Liwali, huyu mzee ametoka Amsterdam. Anajua nini juu ya Wareno na karata? Mimi kila Kwaresima nasikia tangazo la Kanisa linalotaja desturi zote za siri za Wayahudi, ili tuwafichue. Kubadili shuka Ijumaa, imo. Kutokula nguruwe, imo. Kugeukia ukuta wakati wa kufa, imo. Karata hazimo. Wametunga leo asubuhi, kwa sababu ya njaa."

Liwali akamgeukia Mzee Mosé. Yeye mwenyewe alikuwa ameijua desturi ile kwa muda mfupi tu. Baharia mmoja akamshika Baltasar mkono. Baltasar hakupinga. Alitazama mguu wake usio na buti, kama mtu anayejiuliza kama atapewa lile jingine.

"Hazimo," akasema Shangazi Gracia, "kwa sababu hamkutugundua."

Fagundes akageuka. "Nyinyi nani, mama?"

Mawimbi yalikuwa madogo. Nilisikia kila neno lake, na ningetaka dunia nzima ilisikie kama nilivyolisikia.

"Sisi wa Trancoso, huko Ureno. Mimi ni Gracia Frois, binti ya Branca Frois. Nyumba ya kona, nyuma ya kisima, yenye mlango wa kijani. Nilibatizwa kanisani kwenu nikiwa mchanga, sikuulizwa. Nililisikia tangazo lenu kila Kwaresima, nimesimama kati ya mama yangu na kaka yangu, na kila mwaka tulingoja tusikie kama mmezipata karata. Kila mwaka hamkuzipata. Tukirudi nyumbani mama anatubusu. Huyu anazijua karata zile. Hakuna aliyezijua ila yule aliyekaa kwenye meza kama yetu."

"Unajua ulichosema?" Fagundes aliuliza. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Nadhani hata yeye alishtuka. "Unajua nitalazimika kukipeleka?"

"Kipeleke. Usisahau mlango wa kijani."

Liwali Wagane aligonga fimbo juu ya maganda. "Basi. Nimesikia mtu mmoja aliyetoa kitu chake ili neno lake lisadikiwe. Hilo kwetu linazidi kiapo. Mwachie mkono, baharia. Kapteni, kama unataka maji ya safari, wake zangu wanauza. Ghali."

Baharia aliuachia mkono. Baltasar alibaki amesimama vile vile, mkono ukiwa hewani, mpaka mama yangu Tening alipokuja akaushusha.

Tukarudi sasa. Jua lilikuwa bado juu ya minazi, na funga ilikuwa haijaisha. Wengine walitangulia kwenye sala. Shangazi Gracia alitembea polepole, nami nikaenda naye, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilikuwa sina swali. Yeye ndiye aliyechoka na kimya hicho.

"Haya, uliza. Utapasuka."

"Kaka yako aliyesimama nawe kanisani. Ni baba?"

"Ni baba yako. Ndiye aliyekuwa akigawa karata. Mtoto mdogo, anagawa kama anapanda mbegu, moja kwako, moja kwangu, ulimi umemtoka nje. Na kelele zile, 'mwizi we', alizipenda kuliko kitu chochote. Mama alimkanya asipige kelele mlango usipogongwa."

Nilicheka, halafu nikashindwa kucheka. Sikuwa nimewahi kumjua baba yangu akiwa mtoto. Nilimjua Simão Frois wa Antwerp, mfanyabiashara wa ngozi, mtu wa maneno machache.

"Na mto? Trancoso kuna mto?"

"Hakuna. Ni juu mlimani. Kuna upepo, na baridi inayokata masikio, na miti ya matunda ya miiba ambayo ukiyachoma ndani ni matamu kama kiazi. Hakuna mto."

"Basi ulinidanganya."

"Nilikudanganya sana, Davi."

Tulifika karibu na nyumba. Sauti zao zilisikika kupitia dirishani, zimechoka na zimekauka kwa kiu, na katikati yake sauti moja ngeni iliyokuwa ikichelewa nyuma ya wote, ikitafuta maneno. Nilikuwa na swali moja zaidi, zito, na nililitoa kabla sijaogopa.

"Nani atalala karibu na mama yako sasa?"

Alikaza kitambaa chake kichwani. "Hakuna," akasema. "Hilo ndilo nililolitoa leo. Mimi mtanizika hapa, kwenye maganda ya chaza, na juu yake mtaandika Gracia Frois wa Trancoso, herufi kubwa, na mpita njia asome." Akasukuma mlango. "Haya ingia. Umekosa nusu ya sala kwa ajili ya maswali, na mwaka huu una mengi ya kuombea msamaha."